Kahawa Chungu ya Mwalimu Bahgat

Mwalimu Bahgat alijua kwamba anakufa siku mkewe alipompikia njiwa Jumanne.

Kwetu Mansura njiwa waliojazwa ngano ni chakula cha mgeni wa maana, cha bwana harusi au cha sikukuu. Hapikiwi mwalimu mstaafu aliyezoea dengu, tena katikati ya wiki. Lakini siku ile Bi Tafida alirudi kutoka hospitali na macho mekundu, akapitia sokoni, kisha akamwekea mumewe sahani ya njiwa wawili wamenona.

"Daktari anasema ni gesi tu," akamwambia. "Kula upate nguvu."

Mwalimu akawatazama njiwa, akamtazama mkewe. "Alhamdulillahi, gesi," akasema, akawala wote wawili na mifupa akaifyonza.

Daktari alikuwa amesema jambo jingine kabisa, na alilisema kwenye ujia wa hospitali wakati mgonjwa yuko ndani anavaa shati. Alisema ini limekwisha, na ule ugonjwa ambao sisi hatuutaji jina umeshasambaa mwili mzima. Bi Tafida na binti yake Ibtihal wakaapa palepale kwamba mzee asiambiwe. Ndivyo tulivyo. Kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kupewa habari za ugonjwa wake, na wengine hufa bila kuarifiwa. Na mimi niliapa, maana nilikuwa mchumba wa Ibtihal, na mchumba huapa chochote anachoambiwa aape.

Mimi ni Mitwalli wa maturubai. Ukikuta njia imezibwa kwa kile kitambaa chekundu chenye nakshi za buluu, viti vimepangwa na magari yanapiga honi kwa hasira, jua hiyo kazi yangu. Kitambaa ni kilekile, harusi iwe au msiba. Tofauti ni mbili tu: kwenye harusi natundika taa za rangi, na kwenye msiba kahawa haitiwi sukari.

Mwalimu Bahgat alinifundisha insha, na maisha yangu yote sijawahi kupata kwake zaidi ya nne kwa kumi. Alikuwa na chuki na maneno ya dukani, yale ambayo kila mtu anayatoa kabatini yakiwa yameshakunjwa. Ukianza na "Hapana shaka kwamba," amekata alama mbili kabla hujafika kwenye koma. Mara moja niliandika kwamba mama ni nguzo ya nyumba. Akaniuliza mbele ya darasa, "Mama yako akikasirika anafanya nini?" Nikasema anaipigia kelele friji. "Sasa hilo ndilo uliandike, punda wewe!" Nikaandika. Nikapata nne.

Basi tulikuwa na shida, na shida yenyewe ni hii. Harusi yetu ilikuwa bado mbali, nyumba tumeshaipaka rangi. Tukiiharakisha, mzee atauliza haraka ya nini, na siri itatoka. Tukisubiri, mzee atafariki, Ibtihal atavaa nyeusi mwaka mzima, na wa kumwozesha atakuwa baba yake mdogo, Rifaat, mtu ambaye hata kwenye harusi yake mwenyewe alichelewa. Kila nikigusia jambo hilo Ibtihal alikuwa mkali.

"Unataka nipigiwe vigelegele baba yangu anakufa?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini, basi?"

Tulikuwa tumekwama kama kochi kwenye ngazi.

Huku nyuma wageni walimiminika kuja kumwona mgonjwa, kila mmoja na ndizi zake. Walilia kwanza sebuleni, wakajifuta, kisha wakaingia chumbani na meno yote nje. Aliyezidi wote alikuwa Haji Sabri, jirani wa ghorofa ya juu. Huyu alikuwa na mazoea ya kufua mazulia usiku, kuyaanika kwenye roshani yake na kwenda kulala, maji yakawa yanadondokea nguo za Mwalimu zilizoanikwa chini. Miaka na miaka mtaa wetu ulikuwa unaamshwa alfajiri na sauti ya Mwalimu: "Sabri! Zulia!" Sasa Haji aliingia amekumbatia ndizi, akasema, "Mashaallah, Mwalimu! Umenawiri! Uso unang'aa!"

"Unang'aa kwa sababu ni wa manjano," akajibu Mwalimu. "Maneno ya dukani. Mbili kwa kumi. Ndizi weka pale kwenye ndizi wenzake."

Akawa anawapa alama wote. Mwenye "utatuzika sisi sote" alipata tatu. Mwenye "ni upepo tu unapita" alipata moja, akaambiwa afunge dirisha. Watu walitoka wakicheka na kulia kwa pamoja, wakisema maskini, hajui lolote.

Siku moja nilibaki naye peke yangu, namkata kucha za miguu. Akaniuliza, "Mitwalli, nakufa?"

"Gesi, Mwalimu."

"Mitwalli."

"Gesi nyingi, Mwalimu."

"Hata kudanganya huwezi. Tatu." Akavuta mguu wake. "Najua tangu Jumanne ya njiwa. Niambie, binti yangu anaolewa lini?"

Mkasi uliniponyoka. Nikamweleza yote, haraka ninayoiogopa na mwaka wa nguo nyeusi ninaouogopa zaidi. Nikamwomba amwambie mkewe kwamba anajua, tumalize mchezo.

"Umemsikia Tafida siku hizi?" akaniuliza. "Anaimba jikoni. Huyu mwanamke hajawahi kuimba tangu nimuoe, sauti yake inafukuza paka. Anaimba ili nisimsikie akilia. Mtu anakufanyia kazi kubwa namna hiyo, utamwambiaje kwamba haikufaa kitu?"

Nikauvuta tena mguu wake. Kusema kweli nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimeshika mguu wa mtu.

"Mimi nataka kitu kimoja," akasema. "Nataka kumwozesha Ibtihal kwa mkono huu wangu. Rifaat asiushike mkono wako wakati mimi nimo ardhini namsubiri afike. Sasa sikiliza. Alhamisi wanawake wanakwenda duka la dawa, halafu sokoni. Wewe funga turubai mbele ya mlango. Viti vyote. Taa za rangi usitundike mpaka nikuambie."

"Watu wakiniuliza?"

"Usijibu. Wewe ukijibu unaharibu."

Alhamisi ikafika. Nikaweka ngazi, nikaanza kufunga kitambaa chini ya roshani ya Mwalimu, kamba nimeing'ata kwa meno kama kawaida yangu. Kitambaa kilikuwa hakijakung'utwa, vumbi likaniingia machoni, machozi yakawa yananitiririka. Wakati huohuo Haji Sabri akateremka na kikapu chake. Akaliona turubai. Akatazama juu kwa Mwalimu. Akanitazama mimi, mkwe mtarajiwa, kamba mdomoni, nalia.

"Ni Mwalimu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Niliambiwa nisijibu. Nikainamisha kichwa.

Haji aliangusha kikapu, vitunguu vikaviringika mpaka barabarani. "Inna lillahi!" akapiga kelele, na hapo mambo yakanitoka mikononi. Kabla sijamaliza upande mmoja, mwenye mkahawa wa kona alikuwa ameshawasha majiko mawili ya kahawa chungu. Kinyozi akafunga duka. Walimu wenzake wa zamani wakaja na suti zao zinazonuka dawa ya nondo. Akaja hata Sheikh Bayumi, mfungishaji ndoa wa mtaa wetu, na mkoba wake wa daftari kubwa kwapani, maana Alhamisi ni siku ya ndoa na alikuwa na nyingine ya kuwahi. Wote wakakaa kwenye viti vyangu na nyuso ndefu, wakisifu. Ningeweza kusema neno moja tu yakaisha. Lakini nilikuwa nimekatazwa, na mimi kwa Mwalimu Bahgat ni mtoto wa darasa la nne mpaka leo.

Kisha wakatokea Bi Tafida na Ibtihal pembeni mwa njia, na mfuko wa dawa.

Hapo sikucheka, na hata leo nikisimulia sicheki. Bi Tafida alisimama akalitazama lile turubai. Hakupiga ukelele. Aliketi chini, pale barabarani, polepole, kama mtu anayetafuta kiti kilichokuwa pale siku zote. Ibtihal akamshika bega akawa anaita, "Mama! Mama!" Nikaruka kutoka kwenye ngazi, kamba bado mdomoni, nikaanza kuwapungia mikono kwamba sivyo, sivyo. Watu wakanishika wakidhani uchungu umenipanda kichwani. Bi Tafida alipoona napambana na watu wanne akainuka, akanipita, akapanda ngazi za nyumba anakimbia na mwili wake ule wote. Nikajinasua, nikamfuata.

Tukamkuta Mwalimu amesimama mbele ya kioo, suti ya kahawia imemlegea kama ya kuazima.

"Tafida," akasema, "ile tai ya buluu umeiweka wapi?"

Bi Tafida alimzaba kibao. Kisha akamkumbatia. Kisha akamwachia, akamzaba kingine, na slipa akaitoa mguuni akanipiga nayo mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Nilijua umekufa!" akawa analia. "Nimekuacha na gesi, narudi nakuta kahawa chungu!"

"Hapo nimekosea," akasema Mwalimu, na nilimwona ameshtuka kwelikweli. "Nilidhani utarudi watu hawajaja. Nijikate alama tano. Nisamehe, Tafida. Lakini gesi tuiache sasa."

Bi Tafida akamtazama. "Unajua?"

"Njiwa Jumanne, mke wangu. Jumanne!"

"Tangu siku ile?" Akaketi kitandani. "Na ukaniacha niimbe?"

"Uliimba kwa bidii sana."

Akaanza kucheka, akawa anacheka na kulia, na Mwalimu naye akaketi kando yake, akawa anamfuta uso kwa ile tai ya buluu ambayo muda wote ilikuwa chini ya mto. Mimi nikaugeukia ukuta. Nilikuwa na hasira na mzee kwa kumtisha mama wa watu hivyo, na wakati huohuo sikuwahi kuwaona wawili hawa wameketi karibu namna ile tangu tulipotoka hospitali.

Tukateremka. Mwalimu alikuwa ameniegemea, mwepesi mno. Ndani ya turubai Haji Sabri alikuwa amesimama na leso mkononi, anahutubia: "Hapana shaka kwamba marehemu alikuwa taa ya mtaa huu, iliyozimika ghafla..."

"Hapana shaka kwamba!" akasema Mwalimu mlangoni. "Haji, umri wote huo!"

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Viti vilianguka. Kinyozi alitoka kwa kupasua kitambaa changu, na fidia hajalipa. Sheikh Bayumi alisoma kila alichokihifadhi. Mwalimu akaenda polepole mpaka kwenye kiti cha mbele, kile cha wafiwa, akaketi, akakunja miguu.

"Mmekuja kutoa pole," akasema. "Toeni. Mwenye msiba ni mimi, hakuna anayeumia kunizidi."

Wakajipanga, kwa sababu nusu yao aliwafundisha na nusu waliogopa kukimbia. Wa kwanza Haji Sabri, leso bado mkononi. Akampa mkono, na mdomo wake ukatoa ule msemo wetu wa kuwapa pole wafiwa, bila kushauriana na kichwa: "Mwalimu, siku alizobakiza marehemu ziongezwe kwenye umri wako."

"Sifuri," akasema Mwalimu. "Dua lakini nimeipokea. Rudia."

"Mwalimu, wewe ni nguzo..."

"Sifuri. Sabri, nakufa kweli. Wala si gesi, na humu wote mnajua. Sitakuwa na nafasi ya kukusikia siku yenyewe. Sema kitu chako."

Haji alikuwa amevimba uso. Akasema kwa hasira, "Haya! Unanikera! Kila siku ya Mungu zulia, zulia! Mimi sina saa ya kengele. Nikisikia kelele zako ndiyo najua kumekucha. Ukiondoka, nani ataniamsha? Hilo umelifikiria?"

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Saba," akasema. Na mtaa mzima ukapiga makofi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akitoa saba.

Kisha akamwita Ibtihal, aliyekuwa mlangoni mwa turubai na nguo za sokoni, mfuko wa dawa bado mkononi, kope zimelowa.

"Mwanangu," akamwambia, "turubai lipo. Viti vipo. Watu wamepiga pasi. Sheikh Bayumi na daftari lake huyu hapa, na kichaa wako yule pale na kamba yake. Kimebaki kitu gani?"

"Baba, sijavaa!"

"Unaolewa wewe, gauni haliolewi."

"Na vigelegele? Leo?"

"Leo ndiyo nina masikio, mwanangu."

Ibtihal alinitazama. Nikaitoa kamba mdomoni. Akaja akakaa.

Desturi yetu ni kwamba baba wa bibi harusi na bwana harusi hushikana mikono, juu yake ikafunikwa leso nyeupe, ndipo sheikh anawatajia maneno wanayafuata. Leso pekee iliyopatikana ilikuwa ya Haji Sabri, na ilikuwa imeshafanya kazi yake asubuhi nzima. Tukafunikwa nayo hivyohivyo. Chini yake nikausikia mkono wa Mwalimu, mifupa mitupu, una moto, unanibana kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi.

Sheikh akaanza, "Sema: nimekuozesha binti yangu..."

"Haya nayo ni maneno ya dukani," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, kwa Mungu, hapa usikate alama, ndoa itabatilika!"

Basi akayafuata, neno kwa neno, mwanafunzi mtiifu kabisa. Alipomaliza, kabla ya kuuachia mkono wangu, akaniuliza nitamtunzaje. Nilitaka kusema kwamba Ibtihal ni taji la kichwa changu. Nikajizuia. Nikasema, "Akikasirika nitamwachia friji."

Akafikiri. "Nne na nusu," akasema, na nusu ile niliifurahia kuliko mahari yote kusamehewa.

Nikatundika taa za rangi. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa vikombe vyote, chungu kama shubiri. Bi Tafida akateremka na kopo la sukari akawa anapita kwa kila mgeni, kijiko kimoja kimoja, "Koroga, mwanangu, koroga, ni harusi," na alipofika kwa mumewe akamtilia vijiko vitatu, daktari apende asipende. Kisha akarudisha kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Alisema kweli Mwalimu: paka wote wa mtaa walikimbia. Mwenyewe alifumba macho akawa anasikiliza, anatabasamu, kikombe kifuani.

Mwalimu aliishi mpaka msimu wa mapera. Nyumba ikawa na kelele kama zamani, watu wakibishana naye na kumnunia, dengu zimerudi mezani. Akafa asubuhi moja, Bi Tafida akiwa amemshika mkono, mzee ameshamwagiza aache kuimba.

Nikalifunga turubai lilelile, na kiraka cha kinyozi. Safari hii watu hawakuingia moja kwa moja. Walisimama nje, wakachungulia kwanza kile kiti cha mbele. Walipomwona Rifaat ameketi pale, tena amewahi, ndipo walipoamini.

Nilisimama kwenye mstari wa wafiwa, napokea mikono. Juu yetu, kwenye roshani, Bi Tafida alikuwa ameketi na wanawake, turubai langu halina paa, kila kitu kinasikika. Haji Sabri akafika mbele yangu. Akafungua mdomo, na nikauona ule msemo umeshafika kwenye meno. Akaufunga. Akatazama juu, kwenye kamba ya nguo za Mwalimu, iliyokuwa tupu na kavu.

"Leo," akasema, "nimechelewa kuamka."

Kisha kutoka kwenye roshani tukaisikia sauti ya Bi Tafida, imekwaruza, lakini kila mtu aliisikia.

"Kumi, Haji."